Antibayotiki Haifungi Kidonda

Kwenye mialo ya Mwanza, kuanzia Igombe hadi Mwaloni Kirumba na ng'ambo kule Sengerema na Ukerewe, mikono ya watu wa samaki haikosi majeraha. Mwiba wa mgongoni mwa sangara huingia ndani sana, ndoana hunasa kidole, kisu cha kupasulia huteleza kwenye magamba. Kinachofuata kila mtu anakijua. Mtoto anatumwa duka la dawa, anarudi na vidonge vichache vya rangi mbili. Vingine vinamezwa, vingine vinafunguliwa na unga wake unamwagwa juu ya jeraha. Baada ya siku mbili jeraha limefanya gamba la njano, na wenyewe wanasema dawa imeshika.

Gamba lile si ushahidi wa kupona, na mara nyingi ndilo linalochelewesha kupona. Hapo ndipo penye mkanganyiko, kwa sababu antibayotiki hizo hizo zinaokoa watu wenye vidonda kila siku katika wodi za hospitali za Bugando na Sekou Toure. Dawa moja inamwokoa huyu mguu wake na kumcheleweshea yule kidole chake. Ili mambo haya mawili yakae pamoja kichwani, lazima kwanza tujue kazi ipi ni ya dawa na kazi ipi ni ya mwili.

Tuanze na mwili, maana ndio unaofanya sehemu kubwa.

Ngozi ikikatika, mishipa midogo ya damu hujibana papo hapo. Chembe sahani hukusanyika palipopasuka na kushikamana, kisha protini iitwayo fibrini husuka nyuzi juu yake na damu huganda. Ndani ya saa chache seli nyeupe za kundi la kwanza, neutrofili, hutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye jeraha. Zinameza bakteria na kumwaga kemikali kali za kuwaua. Vita hivyo ndivyo vinavyolifanya jeraha jipya kuwa la moto, livimbe na kuuma. Siku mbili tatu za mwanzo hali hiyo ni kazi halali ya mwili, wala si ugonjwa, na naamini vidonge vingi vinavyouzwa kwa ajili ya vidonda hununuliwa katika siku hizo hizo, mtu akiutibu mwili wake kwa kosa la kufanya kazi.

Kati ya siku ya pili na ya tatu huingia seli nyingine kubwa zaidi, makrofaji. Hizi hula mabaki yote: bakteria waliokufa, neutrofili waliomaliza muda wao, vipande vya nyama iliyokufa. Zikishasafisha, hubadilika tabia na kuanza kutoa ishara za kuita seli za ujenzi. Ubadilikaji huo ndio kiini cha uponaji wote, kwa sababu kidonda kisichofika hapo hubaki vitani, kiwe na dawa au kisiwe nayo.

Seli za ujenzi zinaitwa faibroblasti. Zinatengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi na kano uimara wake, huku mishipa mipya ya damu ikichipuka katikati yake. Matokeo yake ni nyama nyekundu yenye vijipunje, inayotoa damu kirahisi ikiguswa. Muuguzi akiiona wakati wa kufunga kidonda hufurahi, ingawa mgonjwa huogopa damu hiyo. Kolajeni haisukwi vizuri bila vitamini C, protini ya kutosha na oksijeni inayoletwa na damu, na ndiyo sababu mtu mwenye kidonda kikubwa akishindia ugali na mboga iliyochemshwa sana hupona polepole hata akimeza dawa gani. Wakazi wa ziwani tuna dagaa, sato, machungwa na mapapai. Huwa nasikitika mgonjwa anapoambiwa asile samaki kwa kuwa eti samaki huleta usaha. Samaki hana kosa hilo, na protini yake ndiyo anayoihitaji.

Mwisho, seli za ngozi ya juu hutambaa kutoka kingoni hadi zikutane katikati. Seli hizi hutambaa palipo na unyevu. Juu ya gamba kavu haziwezi kupita, hivyo hulazimika kujichimbia njia chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba yale yaliyofunikwa yasikauke yaliota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi kuliko yaliyoachwa wazi yapigwe na hewa. Ushauri wa kukiacha kidonda "kipate upepo" bado uko hai mitaani, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Hata ngozi ikishafunga, kazi haijaisha. Kolajeni ya mwanzo ni dhaifu na hubadilishwa taratibu na iliyo imara zaidi. Wiki ya kwanza jeraha lina karibu asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya tatu lina asilimia 20 hadi 30. Baada ya miezi mitatu hufika kama asilimia 80 na haliendi mbali zaidi ya hapo. Mvuvi anayerudi kuvuta nyavu siku nyuzi zinapotolewa na jeraha likapasuka upya hajapungukiwa na dawa. Amepungukiwa na wiki.

Katika maelezo haya yote antibayotiki haijatajwa, na sababu ni kwamba hakuna hatua hata moja inayoihitaji kama bakteria wako wachache. Hakuna jeraha lisilo na bakteria. Wapo kwenye ngozi, kwenye kisu, kwenye maji. Kuwepo kwao si maambukizi. Madaktari wamekuwa wakitumia kipimo cha makadirio kwamba jeraha huanza kushindwa kupona bakteria wanapozidi 100,000 kwa kila gramu ya nyama, ingawa baadhi, kama streptokokasi, huleta madhara wakiwa wachache zaidi. Chini ya kiwango hicho, seli nyeupe zinatosha.

Wakizidi, mambo hubadilika. Neutrofili huendelea kumiminika, na vimeng'enya zinavyomwaga kwa ajili ya adui huanza kuyeyusha kolajeni changa. Bakteria hula oksijeni iliyokusudiwa kwa faibroblasti. Wengine hutoa sumu zinazoua seli moja kwa moja. Kidonda hukwama kwenye hatua ya vita. Hapo ndipo antibayotiki inapokuwa na kazi ya kweli, na kazi yenyewe ni kama kukumba maji mtumbwini: lazima maji yapungue ndipo fundi apate kuufikia ufa, lakini kukumba peke yake hakuzibi ufa.

Nguvu ya kazi hiyo isidharauliwe. Mwezi Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe mjini Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa anakufa kwa maambukizi yaliyoenea usoni na kichwani; jicho moja lilikuwa limeshaondolewa. Alipewa penisilini, dawa iliyokuwa bado ya majaribio. Ndani ya siku moja homa ilianza kushuka na vidonda kutulia. Dawa ilikuwa chache kiasi kwamba madaktari waliichuja tena kutoka kwenye mkojo wake ili kumrudishia. Ilipoisha kabisa bakteria walirudi, na Machi 15 akafariki. Mwili wake ulikuwa umeanza kupona wenyewe mara tu ulipopunguziwa adui, na ulishindwa mara tu adui aliporudi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi kiasi hicho mpaka wa dawa na mwili.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya jeraha lolote ni hili: je, limeambukizwa? Maumivu ya jeraha la kawaida hupungua kila siku. Yakiongezeka baada ya siku ya tatu, kuna jambo. Usaha mzito, harufu, uvimbe unaopanuka nje ya jeraha, mstari unaopanda mkononi, tezi za kwapani au kinenani kuuma, homa: hizo ni dalili za kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vitabu vingi hutaja wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta ngozi iliyokaza na kung'aa, iliyopiga weusi kuliko kawaida, kisha weka kiganja hapo na ulinganishe joto lake na la upande wa pili wa mwili. Kiganja kinasema zaidi ya macho.

Kama dalili hizo hazipo, jeraha dogo lililosafishwa vizuri halipati faida yoyote inayopimika kwa kumeza antibayotiki. Hilo limeonekana katika majaribio yaliyokusanywa kwa miongo kadhaa kuhusu mikato ya kawaida inayoshonwa hospitalini. Yapo majeraha yanayostahili dawa mapema hata bila dalili: kung'atwa na mtu au mnyama, hasa mkononi, mfupa uliovunjika na kutokeza nje, jeraha la kina lililojaa tope au kinyesi. Na jipu ni habari nyingine kabisa. Jipu ni mfuko wa usaha usio na mishipa ya damu, na dawa inayosafiri kwa damu haiingii humo kwa nguvu ya maana. Kinachotibu jipu ni kupasuliwa na kukamuliwa na mtu mwenye ujuzi. Dawa huongeza faida kidogo tu baada ya hapo. Wapo watu wanaomeza dozi mbili tatu za vidonge kwa sababu ya kuogopa mpasuo wa dakika tano.

Upasuaji mkubwa unafuata kanuni yake. Hapo dawa hutolewa kabla maambukizi hayajaanza, na saa yake ni muhimu kuliko wingi wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka dawa iwe imetolewa ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kugusa ngozi, ili ikute damu ikigandia pale jeraha linapoumbwa. Mwongozo huo huo unapinga kuendelea kumpa mgonjwa dawa ya kinga baada ya upasuaji kwisha. Ndugu wengi hushangaa mama aliyejifungua kwa upasuaji akirudishwa nyumbani bila mfuko wa vidonge, wakadhani hospitali imebana matumizi. Dawa yake aliishaipata kwenye mshipa kabla hajapasuliwa.

Na hapa Mwanza tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Utafiti uliofanyika Bugando na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Kati yao 65, yaani asilimia 26, walipata maambukizi kwenye kidonda. Bakteria aliyeongoza alikuwa stafilokokasi, akifuatiwa na ikolai na klebsiela, na sehemu kubwa ya hao wawili wa mwisho walikuwa na uwezo wa kuvunja hata zile antibayotiki tunazozitegemea dawa za kawaida zikishindwa. Usugu huo haujengeki wodini peke yake. Unajengeka pia pale vidonge vichache vinapomezwa bila dozi na vingine kumwagwa juu ya kidole.

Turudi basi kwenye ule unga, kwa sababu ni desturi iliyoenea na madhara yake hayaonekani upesi.

Kapsuli imetengenezwa ipasuke tumboni. Ndani yake kuna dawa pamoja na viambato vya kuijaza na kuizuia isigande, na hakuna hata kimoja kilichoandaliwa kuingia kwenye nyama iliyo wazi. Unga ukikutana na maji ya jeraha hukauka na kuwa gamba. Gamba linakausha sehemu ambayo seli za ngozi zilitakiwa kutambaa, na linafunika usaha usipate kutoka. Juu kabisa dawa ni kali mno. Chini, ambako bakteria wamejificha, haifiki au hufika kidogo, na kiasi kidogo kisichoua ndicho kinachowazoeza. Zaidi ya hayo, dawa za jamii ya penisilini zikipakwa kwenye ngozi huweza kuufundisha mwili kuzichukia. Zamani krimu za penisilini zilitumika na zikaachwa kwa sababu hiyo hasa: mtu alipata mzio kwa kupaka, na siku alipohitaji sindano ya kuokoa maisha mwili ukaikataa kwa hatari.

Hata dawa za kupaka zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi hazina usafi tunaoudhani. Krimu nyeupe ya salfa na fedha iliyotawala wodi za majeraha ya moto kwa miaka mingi imeonekana, majaribio yalipokusanywa pamoja, kuchelewesha uponaji ikilinganishwa na vifungio vya kisasa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani waliripoti kwamba bakteria wa kawaida wa ngozi huamsha ishara zinazochochea ngozi kujijenga upya, na kwamba katika jaribio dogo kwa watu, majeraha madogo yaliyopakwa mchanganyiko wa antibayotiki yalichelewa kufunga kuliko yasiyopakwa. Jaribio dogo si hukumu ya mwisho. Lakini linaelekeza upande ule ule na mengine: kuua kila kiumbe kwenye jeraha safi si lazima kuwe msaada.

Vivyo hivyo spiriti na haidrojeni peroksaidi. Povu lile na mwasho ule huwaridhisha watu kwamba kazi inafanyika. Inafanyika kweli, ila kemikali hizo hazichagui kati ya bakteria na faibroblasti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Alexander Fleming, aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alikuwa akitibu askari katika hospitali ya jeshi mjini Boulogne, Ufaransa. Aliona kwamba dawa kali za kuulia vijidudu, zikimiminwa kwenye majeraha ya kina, ziliziua seli nyeupe upesi kuliko bakteria waliojificha kwenye vipembe vya jeraha. Kwa jeraha la kawaida, maji safi mengi ya bomba yanayotiririka yanatosha, na sabuni kwenye ngozi ya pembeni. Kama maji ya bomba hayaaminiki, chemsha, acha yapoe. Maji ya ziwa usiyatumie, hata yakionekana maangavu kiasi gani.

Kuhusu ziwa lenyewe kuna jambo ambalo kila duka la dawa lililo karibu na mwalo lingepaswa kulijua. Vidonge ambavyo watu huomba zaidi ni amoksilini. Stafilokokasi, bakteria wa kwanza kwa vidonda vya ngozi, kwa sehemu kubwa ameshajipatia kimeng'enya cha kuivunja amoksilini, ndiyo maana madaktari huandika kloksasilini au nyingine inayohimili kimeng'enya hicho. Katika maji baridi, kama ya maziwa na mito, huishi bakteria mwingine aitwaye aeromonasi. Huyu huingia kwenye jeraha lililopata maji, na mkono unaweza kuvimba vibaya ndani ya siku moja au mbili. Kwa maumbile yake amoksilini haimwezi. Wapo wa aina ya tatu, wanaokaa kwenye ute wa samaki: mmoja huleta uvimbe wa zambarau unaouma sana kwenye kidole cha mchuuzi, na kwa huyu penisilini inafanya kazi vizuri, mwingine ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, huleta vinundu vinavyokua polepole kwa wiki nyingi, na matibabu yake huchukua miezi kwa dawa tofauti kabisa. Mwiba ni mmoja, samaki ni yule yule, na dawa zinapishana. Ukienda kwa daktari mwambie ulichomwa na nini na kama jeraha liliingia majini. Taarifa hiyo inaweza kubadilisha dawa atakayoandika.

Pepopunda nayo huingia kwa mwiba na msumari. Antibayotiki husaidia kupunguza bakteria wake, lakini haigusi sumu iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu. Kinga yake ni chanjo. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, kwa kuwa chanjo ya ukubwani imekuwa ikitolewa zaidi kliniki ya wajawazito. Jeraha chafu, na zaidi ya miaka mitano imepita tangu chanjo ya mwisho, linahitaji chanjo siku hiyo.

Sasa kuna upande ambao hausemwi sana. Antibayotiki si za kuua bakteria tu. Baadhi zina mkono wake kwenye nyama yenyewe. Doksisaiklini, kwa mfano, huzuia vile vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, na hufanya hivyo hata kwa kipimo kidogo kisichotosha kuua bakteria. Madaktari wa meno wameitumia kwa njia hiyo, miligramu 20 mara mbili kwa siku, kulinda fizi zinazooza. Kwa vidonda vya miguu haijawa tiba ya kawaida. Klindamaisini nayo huwazuia bakteria kutengeneza protini, na sumu zao ni protini. Kwa hiyo streptokokasi anapokula nyama kwa kasi ya saa kwa saa, daktari huiongeza juu ya penisilini ili sumu ikome wakati bakteria wanauawa, huku mgonjwa akikimbizwa chumba cha upasuaji.

Siprofloksasini iko upande wa pili. Dawa hiyo na ndugu zake hudhoofisha kano. Huchochea vimeng'enya vinavyovunja kolajeni na kupunguza utengenezaji wa mpya, na kano ya nyuma ya kisigino ndiyo huumia zaidi, wakati mwingine hadi kukatika. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye maboksi yake. Hatari hupanda kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za jamii ya prednisoloni. Inauzwa kwa urahisi mno hapa kwetu, na wanaoinunua wengine ni watu wa kuvuta makokoro na kubeba matenga, wanaoishi kwa kano zao. Ni dawa nzuri inapohitajika, hata kwa aeromonasi. Ila anayeimeza akianza kusikia maumivu kisigino, begani au kwenye kiwiko, asimamishe kazi nzito na arudi kwa aliyemwandikia haraka.

Vidonda vinavyokaa miezi ndivyo vinavyokula fedha nyingi za dawa na kuzaa matunda kidogo. Mwenye kisukari hukanyaga kokoto asihisi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi. Damu haifiki vizuri, na sukari nyingi huzifanya seli nyeupe kuwa dhaifu. Mwenye seli mundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa unao kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, hupata vidonda juu ya kifundo cha mguu kwa kuwa mishipa midogo imeziba. Dawa husafiri kwa damu. Pasipofikiwa na damu hapafikiwi na dawa, hata ikiwa ya bei gani. Isitoshe, kwenye vidonda vya muda mrefu bakteria hujijengea utando mwembamba wa ute na kukaa ndani yake, wakistahimili vipimo vya dawa ambavyo vingewaua wakiwa huru. Utando huo huondolewa kwa kukwanguliwa, pamoja na nyama iliyokufa. Kwa kisukari miongozo ya kimataifa iko wazi: kidonda cha mguu kisicho na dalili za maambukizi kisipewe antibayotiki. Kinahitaji sukari ishuke, mguu upunguziwe uzito, nyama mfu iondolewe. Mgonjwa akiandikiwa kiatu maalumu na kukatazwa kutembea sana asione kwamba amenyimwa matibabu. Hayo ndiyo matibabu.

Wakati mwingine hata dawa sahihi hukifanya kidonda kionekane kuharibika. Ugonjwa wa Buruli, uliopata jina lake kutoka eneo la Uganda ambako ulionekana kwa wingi miaka ya 1960, unasababishwa na bakteria anayetoa sumu ya kuua mafuta ya chini ya ngozi na kuzima maumivu pamoja na kinga ya mwili. Kidonda kinakuwa kikubwa bila kuuma. Zamani ulitibiwa kwa kukata nyama kwa upana. Kuanzia 2004 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza antibayotiki kwa wiki nane. Sasa, sumu inapokoma, kinga iliyolazwa huamka, na kidonda huvimba, hutoa usaha, pengine vinundu vipya hutokea. Mgonjwa asiyeelezwa huacha dawa akidhani imeshindwa, ilhali ndiyo kwanza mwili umepata nafasi ya kupigana.

Liko swali ambalo manesi huulizwa kila siku: dozi imeisha, kidonda bado kiko wazi, niongeze? Kwa maambukizi mengi ya ngozi dozi ni siku tano hadi saba. Kwa mguu wa kisukari uliooza nyama, wiki moja hadi mbili. Mfupa ukiguswa, kama wiki sita. Siku hizo zimehesabiwa kwa ajili ya bakteria. Kidonda chenyewe kinaweza kuchukua wiki nyingi zaidi. Ikiwa uvimbe umeshuka, usaha umekauka, maumivu yamepungua na nyama nyekundu imeanza kujaza shimo, hakuna cha kuongeza. Endelea kukisafisha, kukifunika kisikauke, na kula. Ikiwa dalili zimebaki au zimerudi, dozi ya pili ya vidonge vile vile haina maana. Omba usaha ukaoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamweza, na omba mtu akitazame kidonda hadi chini, kwa sababu huenda kipande cha mwiba bado kimo ndani.